Limoncello: Maana, asili na matumizi ya neno hili katika Kiswahili

MIAKA kadhaa iliyopita, makala ya mapishi ilinifikia mezani dakika chache kabla ya ukurasa kufungwa. Ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza na ilimwelekeza msomaji jinsi ya kuandaa kinywaji cha Kitaliano kiitwacho 'limoncello'. Mstari wa kwanza wa maelekezo ulisema: Chukua malimau kumi na lita moja ya spiriti.

Mfasiri hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameona neno la kigeni akaliandika jinsi lilivyosikika sikioni. Hata hivyo, Mkenya wa kawaida akiambiwa 'spiriti' huwazia chupa ya duka la dawa ya kusafishia vidonda, au ile ya kuwashia jiko. Spiriti hiyo ni sumu. Laiti mstari huo ungechapishwa, msomaji mwaminifu angeweza kupoteza macho au uhai kwa kufuata tulichomwambia.

Tuliuondoa mstari huo, lakini swali lilibakia: limoncello ni nini hasa, na mwandishi wa Kiswahili alitaje vipi bila kumpotosha msomaji? Makala haya yanajaribu kulijibu.

Limoncello ni nini?

Limoncello ni kileo kitamu cha Kitaliano kinachotengenezwa kwa kulowesha maganda ya limau katika alkoholi kali inayonyweka, kisha kuchanganya alkoholi hiyo na shira ya sukari. Rangi yake ni ya manjano na kwa kawaida huwa na ukungu kidogo. Kiwango chake cha kileo katika chupa zinazouzwa madukani aghalabu ni kati ya asilimia 25 na 32.

Kinywaji hiki ni cha kusini mwa Italia, hasa eneo linaloizunguka Ghuba ya Naples: rasi ya Sorrento, pwani ya Amalfi na visiwa vya Capri, Ischia na Procida. Hutengenezwa pia katika kisiwa cha Sicily. Wenyeji hukinywa baada ya mlo kwa nia ya kushushia chakula, kikiwa baridi mno, katika bilauri ndogo isiyozidi kikombe cha kahawa chungu kinachouzwa barazani Mombasa.

Mambo matatu katika maelezo haya hupotoshwa mara kwa mara, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Kwanza, kinachotumika ni ganda la tunda wala si maji yake. Pili, tunda lenyewe ni limau wala si ndimu. Tatu, kinywaji hiki ni kileo, tena kikali, japo utamu na harufu yake huweza kumfanya mtu akidhanie kuwa sharubati.

Asili ya neno

Kwa Kitaliano, limau huitwa 'limone'. Kiishio '-cello' hutumika katika lugha hiyo kudunisha au kuonyesha udogo na upendo, sawa na jinsi Kiswahili kinavyotumia kiambishi 'ki-' kupata 'kijiji' kutokana na 'mji' au 'kitoto' kutokana na 'mtoto'. Kiishio hicho ndicho kilicho katika 'violoncello', jina la ala ya muziki yenye nyuzi. Kwa hivyo, 'limoncello' kwa tafsiri ya neno kwa neno ni kijilimau, lakini hakuna Mtaliano anayelitumia kwa maana ya tunda dogo. Limekuwa jina la kinywaji.

Kaskazini mwa Italia, hasa katika jimbo la Liguria, kinywaji kama hicho huitwa 'limoncino'. Msomaji akikutana na jina hilo asidhani ni kitu tofauti kabisa. Ni kiishio tu kilichobadilika.

Neno 'limone' lenyewe lina safari ndefu. Waitaliano walilipata kutoka kwa Kiarabu, 'laymun', nacho Kiarabu kikalitoa katika Kiajemi, 'limu'. Waarabu, walioanza kukiteka kisiwa cha Sicily katika karne ya 9, ni miongoni mwa waliokieneza huko kilimo cha milimau na michungwa. Wareno nao, kutokana na chimbuko hilohilo la Kiarabu, walikuwa na neno 'limão'. Wataalamu wengi huliweka neno letu 'limau' katika orodha ya maneno tuliyoachiwa na Wareno pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na 'meza', 'leso', 'gereza' na 'mvinyo'.

Kwa maneno mengine, 'limau' na 'limoncello' ni jamaa wa ukoo mmoja. Babu yao ni Kiajemi, na mmoja alipitia Ureno akashuka Mombasa ilhali mwingine alipitia Sicily akakaa Naples.

Ni nani aliyekibuni kinywaji hiki?

Miji ya Sorrento, Amalfi na kisiwa cha Capri kila kimoja hudai kwamba kinywaji hiki kilianzia kwake. Masimulizi ya Capri humtaja Maria Antonia Farace, mwanamke aliyekuwa na nyumba ndogo ya wageni mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwaandalia wageni wake kileo cha malimau ya bustani yake. Linalojulikana kwa hakika ni kwamba mnamo 1988 mfanyabiashara Massimo Canale, wa ukoo huo, alisajili chapa ya biashara ya 'Limoncello di Capri'. Tangu miaka ya 1990 kinywaji hicho kimevuka mipaka ya Italia na kuenea katika mikahawa ya Ulaya, Marekani na kwingineko.

Sheria ya Umoja wa Ulaya nayo imeingilia kati, lakini kwa upande wa tunda zaidi kuliko jina. Limau la Sorrento lilisajiliwa na kupewa ulinzi wa jina la kijiografia mnamo 2000, na lile la pwani ya Amalfi mnamo 2001. Hii ina maana kwamba mkulima wa kwingineko hawezi kuuza limau lake kwa majina hayo barani Ulaya. Vivyo hivyo, vileo vinavyotengenezwa kwa malimau hayo vina majina yaliyolindwa, yaani kileo cha limau la Sorrento na kileo cha limau la pwani ya Amalfi. Lakini neno 'limoncello' peke yake halimilikiwi na mji wowote, ndiyo sababu chupa zenye jina hilo hutengenezwa hata nje ya Italia.

Limau au ndimu?

Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Katika masoko mengi ya bara nchini Kenya, maneno 'limau' na 'ndimu' hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mnunuzi huomba ndimu akapewa limau, na wote wawili wakaridhika.

Katika Kiswahili cha pwani, ambako matunda haya ni sehemu ya mapishi ya kila siku, tofauti ni bayana. Ndimu ni tunda dogo, la mviringo, lenye ganda jembamba la kijani na maji makali. Hukamuliwa kwenye samaki, mishikaki na mchuzi, na kutiwa chumvi ili kufanya achari. Limau ni kubwa zaidi, lina chuchu mwishoni na ganda nene ambalo huwa manjano likiiva. Mti wa ndimu ni mdimu na ule wa limau ni mlimau.

Limoncello ni ya limau. Limau la Amalfi ni refu mithili ya pia ya kusokotea uzi, na jina lake la Kitaliano, 'sfusato', linatokana na umbo hilo. Lile la Sorrento lina umbo la yai. Yote mawili yana ganda nene lenye mafuta mengi ya kunukia, na ganda hilo ndilo linalotafutwa. Ukiandika kwamba limoncello ni 'pombe ya ndimu' utakuwa umebadilisha tunda, ladha na harufu kwa mpigo mmoja.

Jinsi inavyotengenezwa

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi ya kutengeneza limoncello si ngumu, ila inahitaji subira.

Malimau huoshwa vizuri, kisha ganda la juu, lile la manjano pekee, humenywa kwa kisu kikali. Sehemu nyeupe iliyo chini yake huachwa kwa kuwa ni chungu. Maganda hayo hutiwa katika chombo cha kioo chenye alkoholi safi ya chakula ya takriban asilimia 95, kikafunikwa na kuwekwa mahali penye giza kwa siku kadhaa au hata majuma. Mafuta ya limau, ambayo hayachanganyiki na maji, huyeyuka kwa urahisi katika alkoholi. Maganda hupauka na kukakamaa, nayo alkoholi ikageuka kuwa ya manjano.

Baada ya hapo maganda huchujwa. Sukari hupikwa kwa maji hadi iwe shira, shira ikapozwa, kisha vitu viwili hivyo vikachanganywa. Punde tu shira inapoingia, mchanganyiko uliokuwa maangavu hufanya ukungu. Wengi hudhani kuna uchafu au ulaghai, kumbe ni sayansi tu: maji yakizidi, alkoholi haiwezi tena kuyashikilia mafuta yote ya limau, kwa hivyo mafuta hayo hujitenga kuwa matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho, ambayo huutawanya mwanga.

Katika hatua zote hizo, maji ya limau hayakutumika. Nyumbani kwetu tunakamua maji na kutupa ganda. Mtengenezaji wa limoncello anataka ganda na kubakiwa na malimau uchi ambayo sasa hana budi kuyatafutia matumizi mengine.

Si juisi, si mvinyo, si chang'aa

Kiswahili kina msamiati mpana wa vileo, na kila neno lina mahali pake. Tuanze na njia ya kutengeneza.

Ipo pombe ya kuchachusha, ambapo sukari au wanga hugeuzwa kuwa kileo na hamira au chachu. Katika kundi hili mna bia, busaa, muratina, tembo la mnazi, na pia divai au mvinyo unaotokana na zabibu. Kisha ipo pombe ya kukeneka, ambapo kilichochachushwa huchemshwa na mvuke wake kupozwa ili kupata kileo kikali zaidi. Hapa ndipo zilipo chang'aa, wiski na vodka. Limoncello imo katika kundi la tatu: huchukua alkoholi iliyokwisha kukenekwa, ikaiongezea harufu ya tunda na sukari.

Waitaliano huliita kundi hili la tatu 'liquore', na lugha nyingine za Ulaya zina majina yaliyo karibu na hilo. Sheria ya Umoja wa Ulaya husema kinywaji cha kundi hili sharti kiwe na kileo kisichopungua asilimia 15 na, isipokuwa kwa aina chache, sukari isiyopungua gramu 100 katika kila lita. Vigezo hivyo viwili, kileo na sukari, ndivyo vinavyolitenga kundi hili na pombe kali ya kawaida kwa upande mmoja na divai kwa upande mwingine.

Kiswahili hakijapata neno moja lililozoeleka kwa kundi hili. Baadhi ya waandishi husema 'mvinyo wa limau'. Hilo si sahihi kwa kuwa mvinyo huchachushwa na kileo chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 11 na 14. Msomaji ataamini kwamba anaweza kunywa bilauri nzima ilhali kinywaji alicho nacho kina nguvu maradufu. Wengine husema 'juisi kali ya limau' au 'sharubati ya Kitaliano'. Hilo ni kosa kubwa zaidi, kwani linaficha kabisa kuwa kuna kileo ndani.

Pendekezo letu ni kutumia 'kileo kitamu cha limau' au 'pombe kali tamu ya limau'. Ni maelezo wala si jina moja, lakini maelezo ya kweli ni bora kuliko jina fupi linalodanganya.

Nguvu iliyofichwa na utamu

Kwa nini tunasisitiza jambo hili? Hebu tufanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi halisi. Bilauri ya kawaida ya sharubati hubeba takriban mililita 250. Ikijazwa limoncello ya asilimia 30, itakuwa na mililita 75 za alkoholi halisi. Aliyeinywa kwa kudhani ni juisi amekunywa sawa na chupa tatu za bia, pengine kwa dakika tano, na pengine ana gari la kuendesha.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Utamu wa sukari na baridi kali hupunguza makali ya alkoholi ulimini, kwa hivyo mnywaji hapati onyo ambalo wiski ingempa. Mwigizaji Danny DeVito wa Marekani alifanya jambo hili lijulikane duniani mnamo Novemba 2006, alipofika katika kipindi cha runinga akiwa mchangamfu kupita kiasi na kutaja limoncello alizokunywa usiku uliotangulia. Mwaka uliofuata, 2007, limoncello yenye jina lake iliingia sokoni. Yeye aliligeuza tukio hilo kuwa biashara. Si kila mtu atakayekuwa na bahati hiyo.

'Alkoholi' si 'spiriti'

Turejee kwenye makala iliyoponea chupuchupu. Katika maduka ya Italia huuzwa alkoholi za aina mbili. Ipo alkoholi safi ya chakula ya asilimia 95 au 96, inayowekwa karibu na sukari na vitu vya kupikia, na ambayo haina rangi. Ipo pia alkoholi iliyotiwa vitu vya kuifanya isinyweke, ambayo hutumiwa kusafishia nyumba na hutiwa rangi ya waridi ili watu wasiikosee. Zote mbili katika mazungumzo huitwa 'alcol', lakini mama wa Kitaliano anajua ni ipi ya jikoni na ni ipi ya sakafu.

Mfasiri aliye Nairobi hana rafu hizo mbili mbele yake. Akitafsiri kupitia Kiingereza, atakutana na neno ambalo lina maana ya pombe iliyokenekwa na pia ya dawa ya kusafishia. Akiandika 'spiriti', ametupa maana ya kwanza na kubakiza ya pili.

Spiriti za viwandani na za kusafishia huweza kuwa na methanoli. Kwa macho, pua na ulimi, mtu hawezi kuitofautisha kwa uhakika na ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi ya vinywaji. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu neva za macho na hatimaye kuua. Dalili zaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24, wakati ambapo mwathiriwa amekwisha kulala akidhani ana uchovu wa pombe tu. Limau haliondoi sumu hiyo, sukari haiiondoi, na kuichuja kwa kitambaa hakuiondoi. Anayeshukiwa kuinywa apelekwe hospitalini mara moja hata kama bado hajaanza kulalamika.

Kenya haihitaji kufundishwa somo hili upya. Mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mnamo Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kitui na Kiambu, kwa sababu iyo hiyo. Waliokufa hawakuwa wakifuata mapishi ya Kitaliano, lakini kilichowaua ni kile kile ambacho neno moja lisilofaa lingeweza kukiingiza jikoni mwa msomaji wetu.

Kwa hivyo, mwandishi anayeeleza mapishi haya na aandike 'alkoholi safi ya chakula' au, kwa kuwa alkoholi ya aina hiyo si rahisi kupatikana katika maduka ya kawaida, aandike 'vodka iliyofungwa kiwandani na yenye nembo halali'. Vodka ya asilimia 40 haitoi mafuta ya ganda kwa ukamilifu kama alkoholi kali, lakini lita moja yake ikichanganywa na shira hadi kufikia lita moja na nusu hutoa kinywaji chenye kileo cha karibu asilimia 27, ambacho ni kiwango cha kawaida cha limoncello. Neno 'spiriti' lisiandikwe katika mapishi kamwe.

Aidha, msomaji akumbushwe kwamba Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka wa 2010, iliyopata umaarufu kwa jina la Sheria ya Mututho, inahitaji leseni kwa anayetengeneza vileo vya kuuza na inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Chupa nzuri yenye utepe wa manjano haiondoi hitaji hilo.

Neno hili Malindi

Huenda msomaji akauliza, neno hili linatuhusu nini? Jibu liko Malindi na Watamu. Uhusiano wa eneo hilo na Italia ulitiwa nguvu katika miaka ya 1960, Waitaliano walipojenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni. Kutoka katika jukwaa lake la baharini, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa mnamo Disemba 12, 1970. Watalii na wawekezaji wa Kitaliano walifuata, na leo si ajabu kumsikia kijana wa Malindi akizungumza Kitaliano kwa ufasaha bila kuwahi kupanda ndege.

Katika mji kama huo, neno 'limoncello' si la kamusini tu. Huandikwa katika orodha za vyakula na kuulizwa na wageni na wenyeji. Mwenyeji wa pwani, ambaye mara nyingi ni Mwislamu, ana haki ya kujua kilicho mbele yake kabla hakijagusa mdomo. Mhudumu akiulizwa 'Hii ni nini?' na akajibu 'Ni limau tu', amemkosea mteja kwa jambo lisiloweza kurekebishwa kwa kuomba radhi.

Tahadhari hiyo inahusu chakula pia. Keki na maandazi ya kusini mwa Italia mara nyingi huloweshwa limoncello. Mfano ni kitindamlo kiitwacho 'delizia al limone', keki laini yenye krimu ya limau, ambayo ni maarufu Sorrento. Jina lake halitaji kileo popote. Anayeandika orodha ya vyakula kwa Kiswahili aongeze maneno mawili tu: 'ina kileo'.

Tusidhani kwamba utata huu ni wa Kitaliano pekee. Neno letu wenyewe, 'dawa', katika mkahawa mmoja humaanisha kinywaji moto cha tangawizi, limau na asali kwa mwenye mafua, na katika baa ya jirani humaanisha vodka iliyotiwa ndimu na asali. Kuuliza si ujinga.

Tahajia, matamshi na ngeli

Katika Kitaliano, herufi 'c' ikifuatwa na 'e' au 'i' hutamkwa kama 'ch' ya Kiswahili. Ndiyo maana kahawa ya 'cappuccino' tunaiita 'kapuchino'. Kwa kanuni hiyo, tahajia ya Kiswahili ya neno letu ni 'limonchelo'. Kutamka 'limonselo' au 'limonkelo' ni kulisoma kwa macho ya Kiingereza.

Jambo la kufurahisha ni kwamba shada ya neno hili kwa Kitaliano huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, 'che', pahali pale pale ambapo Kiswahili huweka shada zake. Mswahili hana haja ya kujikaza kulitamka.

Je, tuandike 'limoncello' au 'limonchelo'? Iwapo ni jina la chapa lililoandikwa kwenye chupa, tahajia ya asili ibaki. Iwapo tunazungumzia kinywaji kwa jumla, 'limonchelo' inafaa, mradi mwandishi atumie tahajia moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa habari na alieleze neno linapotokea kwa mara ya kwanza.

Kuhusu ngeli, neno hili linafuata mkondo wa maneno ya mkopo kama 'chai', 'bia' na 'divai'. Tuseme 'limonchelo hii ni baridi' na 'limonchelo imemwagika'. Tukihesabu, tuhesabu vyombo: 'chupa mbili za limonchelo', 'bilauri tatu za limonchelo'. Tukizungumzia aina mbalimbali, tuseme 'limonchelo hizi zinatoka Amalfi'. Wingi wa Kitaliano ni 'limoncelli', lakini hatuna sababu ya kuubeba, sawa na vile hatusemi 'spageti' kwa kuzingatia umoja na wingi wa Roma.

Mwandishi akitumia maelezo badala ya jina, upatanisho ufuate neno kuu: 'kileo hiki kitamu cha limau', 'pombe hii tamu ya limau', 'kinywaji hiki cha Kitaliano'.

Mifano ya matumizi

Isiyofaa: Wageni walikaribishwa kwa juisi ya limoncello.
Inayofaa: Wageni walikaribishwa kwa limonchelo, kileo kitamu cha Kitaliano kinachotokana na maganda ya limau.

Isiyofaa: Limoncello ni mvinyo wa ndimu.
Inayofaa: Limonchelo ni pombe kali tamu ya limau.

Isiyofaa: Lowesha maganda katika spiriti.
Inayofaa: Lowesha maganda katika alkoholi safi ya chakula au vodka halali.

Isiyofaa: Keki hii ina ladha ya limau.
Inayofaa: Keki hii imeloweshwa limonchelo, ina kileo.

Tamati

Usilolijua ni usiku wa giza. Hakuna aibu kwa lugha kukopa neno. Kiswahili kimekopa kutoka Uarabuni, Uajemi, Ureno na Uingereza na kubaki Kiswahili. Aibu ni kulikopa jina na kuuacha ukweli wake ng'ambo. Anayesoma gazeti la Kiswahili hana chupa mbili mkononi za kulinganisha. Ana neno letu tu. Tukiandika 'juisi' atakunywa kama juisi, na tukiandika 'spiriti' atakwenda duka la dawa. Mwandishi asiye na hakika na aeleze kitu chenyewe kwa urefu, hata kama mhariri atanung'unika kuhusu nafasi.